Kuchaji betri ya gari la kulala katika joto la Dar

Hapa Dar ukimwambia mtu kwamba chaja ya betri kwenye gari lako inapata moto, jibu ni moja: weka feni. Ukisema feni ipo, atakuambia ongeza ya pili. Mimi ninazo mbili na zinafanya kazi, lakini ndizo zilizonisaidia kidogo kuliko vyote nilivyofanya. Feni haileti ubaridi, inahamisha hewa tu. Gari likishinda juani Kariakoo mpaka saa 8 mchana, madirisha yamefungwa, hewa ya ndani ikafika nyuzi 50, feni itaichukua hewa ileile ya nyuzi 50 na kuipuliza kwenye chaja. Umeongeza kelele na umekula umeme wa betri.

Kilichonisaidia ni kupunguza ampea, yaani kiasi cha umeme unaopita, na kuchagua saa. Inaonekana rahisi mno, na mafundi hawaipendi kwa sababu hakuna kifaa cha kuuza hapo.

Gari lenyewe ni Haisi iliyokuwa ya abiria. Viti vya nyuma viling'olewa, pakawekwa kitanda cha mbao chenye makabati chini yake, jiko dogo la gesi, friji ya volti 12, betri ya lithiamu ya Ah 100 (yaani inatoa ampea 100 kwa saa moja), na paneli ya sola juu ya paa. Nikisimama karibu na kituo bado kuna watu wanaovuta mlango wapande, na mama mmoja pale Rangi Tatu aliingia kabisa na kapu lake kabla hajaona godoro. Tunaenda nalo Kimbiji, Bagamoyo, na likizo ikiwa ndefu tunafika Mikumi. Ukitaka kulala kwenye gari Kigamboni mwezi wa Februari, wakati upepo wa kaskazi umelegea na hewa imejaa unyevu, utajua mwenyewe kwamba joto si suala la starehe tu. Vifaa navyo vinalisikia.

Nianze na mahali pa kuweka betri hiyo, ambayo tunaichaji kwa umeme wa injini tukiwa njiani, maana hapo nilibishana na fundi wangu wa Ilala karibu asubuhi nzima. Haisi injini yake iko chini ya viti vya mbele. Yeye alitaka betri ikae nyuma ya kiti cha dereva.

"Bosi, hapa waya unakuwa mfupi. Umeme haupotei, na pesa unaokoa."

Hoja yake ilikuwa ya kweli. Ila gari lilikuwa limetoka Kibaha muda uleule, nikamwomba aweke kiganja sakafuni pale alipotaka kutoboa. Alikiweka, akakitoa haraka, akacheka. "Haya bosi, tutafute pengine."

Tuliipeleka nyuma kabisa, upande usiopitiwa na bomba la ekzosi. Hapo ndipo waya unakuwa mrefu: mita tano kwenda na mita tano kurudi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 10 wenye urefu huo, ukipitisha ampea 40, unapoteza karibu wati 28 njiani. Zote zinageuka joto ndani ya waya, na volti zinashuka kama 0.7. Ukinunua waya mnene wa milimita 25, hasara inashuka mpaka kama wati 11. Lakini ukibaki na waya uleule wa milimita 10 ukapunguza umeme kutoka ampea 40 hadi 20, hasara inakuwa wati 7 tu. Joto la waya linafuata ampea mara ampea, kwa hiyo ukikata ampea nusu, joto linabaki robo. Nilipoielewa hesabu hiyo nikaacha kuota waya mnene kama mkono wa mtoto.

Kuhusu waya, kuna jambo la Kariakoo ambalo lazima liangaliwe. Waya unaouzwa wa milimita 16 unaweza kuwa na plastiki nene na shaba kidogo, au usiwe na shaba isipokuwa rangi ya juu. Chukua uzi mmoja wa ndani, ukwangue kwa wembe. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Inapitisha umeme vibaya kuliko shaba kwa unene uleule, na ikibanwa inalegea kadiri siku zinavyokwenda. Mimi nilitumia waya wa mashine za kuchomelea. Ni laini, nyuzi zake ni nyingi na nyembamba, ganda lake ni la mpira linalovumilia joto, na wauzaji wake hawana tabia ya kudanganya kwa sababu wachomeleaji wa Gerezani wangewarudishia siku hiyohiyo.

Sasa chaja. Inachukua umeme wa oltaneta, ile jenereta ndogo inayozungushwa na injini, inaupandisha na kuutuliza, kisha inaupeleka kwenye betri ya nyuma. Yangu ni ya ampea 30. Chaja ya aina hii haipitishi umeme wote, sehemu inabaki ndani yake kama joto, na kwa chaja yangu ikifanya kazi kwa nguvu zote joto hilo ni karibu wati 60. Shika balbu ya zamani ya wati 60 baada ya dakika tano utanielewa. Kitabu chake kinasema jambo ambalo wengi hatulisomi: ampea 30 unazipata mpaka nyuzi 40 za hewa inayoizunguka. Zaidi ya hapo inajipunguza yenyewe kwa asilimia 3 kwa kila nyuzi moja. Kabati likiwa na nyuzi 50, chaja ya ampea 30 inakupa 21. Umelipia kubwa unapata ndogo, na joto unabaki nalo.

Nikakaa chini kupiga hesabu ya matumizi. Friji yetu inavuta kama ampea 4 ikiwa inafanya kazi, na katika joto letu inafanya kazi karibu nusu ya siku. Hapo ni Ah 50 hivi. Ongeza taa, simu, feni ya kulalia, unafika 60 au zaidi kidogo. Ampea 15 kwa saa nne zinarudisha zote. Nani anahitaji 30? Mtu mwenye haraka. Na sisi tukienda Mikumi, karibu kilomita 280, barabarani tuko saa nyingi kuliko hizo. Nikaiweka chaja kwenye kiwango cha nusu, na tangu hapo ubavu wake unashikika bila kuvuta mkono.

Kabla ya hapo yalinipata ya oltaneta, na hili ndilo watu wa Dar wanapaswa kulijua kuliko watu wa mikoani. Betri ya lithiamu ukinzani wake wa ndani, yaani jinsi inavyouzuia umeme, ni mdogo sana. Ukiiunganisha moja kwa moja na oltaneta kwa rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), kama ilivyokuwa desturi na betri za asidi, itavuta kila kinachopatikana. Oltaneta inapozwa na feni iliyofungwa kwenye mhimili wake, na feni hiyo inazunguka kwa kufuata injini. Barabara ikiwa wazi, injini inakimbia, feni inakimbia, na hewa inaingia. Sasa jifikirie jioni, Ubungo kwenda Mbezi, umesimama Kimara dakika ishirini. Injini inaunguruma polepole, feni ya oltaneta inazunguka kivivu, hewa chini ya viti imesimama, na betri ya nyuma inadai umeme uleule. Hapo ndipo nyaya za ndani ya oltaneta zinapoungua, wala si safarini. Nambari iliyoandikwa kwenye oltaneta nayo ni ya mzunguko wa kasi, injini ikiwa mwendo wa kusimama hupati hata nusu yake pengine.

Chaja imepunguza tatizo hilo kwa sababu inaweka kikomo. Lakini nilitaka kuizima kabisa kwenye foleni. Ina waya mwembamba wa ishara, usipokuwa na umeme chaja inalala. Fundi akaukata waya huo, akaupitisha kwenye swichi ndogo karibu na usukani. Juu yake nimebandika utepe mweupe na kuandika kwa kalamu ya wino mzito: FOLENI. Mwanangu wa pili ndiye mlinzi wake. Akiona taa nyekundu za magari mbele anainama na kuibonyeza bila kuambiwa, na tukivuka Kibaha anauliza, "Baba, niwashe?" Ukitoka Dar saa 10 alfajiri huihitaji sana, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoka saa 10 alfajiri.

Nieleze na siku ya harufu. Tulikuwa tumepita Chalinze, mke wangu akasema, "Baba watoto, kuna plastiki inaungua." Nikaegesha pembeni, nikazima kila kitu, nikafungua kabati. Betri ilikuwa salama, chaja ilikuwa na joto la kawaida. Kilichokuwa kinaungua ni kishikio cha fyuzi. Kifuniko chake chenye rangi ya maziwa kilikuwa kimebadilika kuwa kahawia upande mmoja na kuinama juu ya boliti, kama ulimi. Fyuzi yenyewe ilikuwa nzima, inang'aa.

Hilo linawashangaza wengi: iweje plastiki iyeyuke na fyuzi isikatike? Fyuzi inahesabu ampea. Ampea zilikuwa za kawaida kabisa, chini ya kiwango chake. Joto lilitoka kwenye kiungo, pale nati ilipokuwa haijashika vizuri kichwa cha waya. Kiungo kibovu chenye ukinzani wa miliomu 10 tu, kikipitisha ampea 40, kinatoa wati 16 kwenye eneo la ukubwa wa kucha. Hakuna fyuzi duniani itakayoona hilo. Kishikio kile kilikuwa cha bei rahisi, nati zake laini, na barabara yetu inatikisa. Sasa kila kiungo kina washa ya kuzuia kulegea, na vichwa vya waya vimebanwa kwa koleo la haidroli badala ya kugongwa kwa nyundo juu ya jiwe. Koleo si langu, fundi mmoja wa sola hunibania kwa malipo kidogo.

Ukitaka kuwinda viungo vya moto, kipo kile kipima joto cha bastola, ndugu ya kile tulichoelekezewa kwenye paji la uso mwaka 2020 kila mlango wa benki. Cha paji la uso hakifai, kinasoma joto la mwili tu. Nunua cha mafundi. Na usikielekeze kwenye shaba inayong'aa, kwa sababu chuma kinachometa kinakidanganya, kitakuambia 35 wakati kiungo kiko 70. Bandika kipande cha utepe mweusi wa umeme juu ya kiungo, kiache dakika chache kipate joto, halafu pima juu ya utepe. Mimi napima baada ya saa moja ya mwendo, natafuta kiungo kinachowazidi wenzake. Nambari yenyewe hainisumbui sana, tofauti ndiyo inayosema.

Na chumvi. Gari linalolala Kimbiji wiki nzima linarudi na vichwa vya betri vimeanza kuota ukoko wa kijani. Ukoko ni ukinzani, na ukinzani ni joto. Kusafisha na kupaka grisi ni kazi ya robo saa.

Betri yenyewe nimeiacha mpaka hapa kwa sababu inalalamika kidogo kuliko wengine, ila ikilalamika ni ghali. Betri nyingi za lithiamu ya chuma na fosfati zinaruhusiwa kuchajiwa kati ya nyuzi 0 na 45. Huku kwetu sifuri hatuijui, ila 45 iko hapo mlangoni. Ndani yake kuna kadi ya ulinzi inayokata ikizidi, na usiku mmoja ukijikuta friji imezima na nyama imeanza kunuka, huenda kadi ilikata kuchaji mchana na hukuwa na habari. Kwa hiyo nimeweka kipima joto cha friji, kile chenye waya na kichwa kidogo, kichwa kimebandikwa ubavuni mwa betri na kioo kiko juu ya kitanda.

Kile kioo kimenifunza kuhusu saa. Betri ni nzito, kilo kumi na kitu, haipati joto upesi wala haipoi upesi. Hewa ya gari ikiwa 48 saa 8 mchana, betri inaweza kuwa 36 bado. Saa 1 jioni hewa imeshuka, betri ndiyo kwanza imefika juu. Inapoa usiku, milango ikiwa wazi, na saa ambayo ni baridi kuliko zote ni alfajiri. Ndiyo maana safari ya saa 10 alfajiri nimeipenda maradufu: foleni hakuna, na betri inapokea umeme ikiwa na nyuzi 27 au 28. Tukifika Morogoro imeshiba, na jua ndilo linaanza kuchoma.

Wenye betri za asidi, zikiwemo zile zilizofungwa zisizoongezwa maji, kwenu habari ni kali zaidi. Kila nyuzi 10 juu ya 25 zinakata umri wa betri karibu nusu. Na volti za kuchajia lazima zishuke joto likipanda, kama volti 0.024 kwa kila nyuzi kwa betri ya volti 12. Betri ikiwa 45, ile 14.4 ya kawaida inatakiwa iwe karibu 13.9. Chaja isiyo na kihisi cha joto haijui hilo, itaendelea kuichemsha mpaka maji yapungue na ubavu uvimbe. Kihisi ni waya mdogo unaofungwa kwenye kichwa cha betri. Kikikosekana kwenye boksi, dai.

Sola inahitaji maneno machache. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba jua la saa 6 mchana linakaa wima juu ya paa. Paneli inapata mwanga mwingi, na inapata joto. Kila nyuzi juu ya 25 inaipunguzia kama asilimia 0.4, kwa hiyo paneli yenye nyuzi 65 imeshapoteza karibu asilimia 16. Yangu imeinuliwa juu ya paa kwa upana wa ngumi ili hewa ipite chini, na faida ambayo sikuitafuta ni kwamba inalipatia paa kivuli. Gari likiegeshwa nyumbani wiki nzima bila kazi, nakata breka, yaani swichi ya umeme wa paneli, betri ikiwa kwenye nusu au zaidi kidogo. Betri ya lithiamu iliyojaa pomoni na kuachwa kwenye joto inazeeka haraka kuliko iliyoachwa nusu. Jirani yangu haamini. "Jua la bure unalikataa?" Nalikataa.

Basi sasa feni. Wati 60 za chaja, ukizipitishia hewa ya mita za ujazo 50 kwa saa, zinaipandisha hewa hiyo nyuzi kama 4 tu. Feni ndogo ya kompyuta inaweza hilo, inakula wati 2 au 3. Swali ni hewa inatoka wapi. Zangu zinavuta kutoka tundu la sakafuni, upande wa mbali na ekzosi, hewa inapanda kupita betri kwanza, kisha chaja iliyo juu yake, inatokea ubavuni nyuma. Mpangilio huo una sababu: betri ndiyo inayohitaji hewa baridi zaidi, na joto la chaja linapanda bila kuigusa. Chaja imesimama wima, mapezi yake yakielekea juu, na mgongo wake umefungwa kwenye bamba la alumini badala ya mbao, maana plaiwudi inahifadhi joto. Kabati limezibwa kabisa upande wa kitanda. Tundu la sakafuni likivuta moshi wa injini, moshi utoke nje, usiingie kwa watoto waliolala. Hilo usilifanyie mzaha.

Tulipofungua kabati kuhamisha feni tukagundua pia kwamba friji ilikuwa inapumulia humo humo. Moto wote wa kompresa ulikuwa unaingia kwenye chumba cha betri, friji ikizidisha joto, joto likiizidishia friji kazi. Ubao mmoja wa kutenganisha na tundu lake mwenyewe la kutokea, na kabati lilishuka nyuzi 5 mchana wa kwanza. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, nayo inazimwa kwa swichi yake ikiwa hakuna kinachochomekwa, kwa sababu hata ikiwa haina kazi inakula na kupasha joto.

Kinachonisumbua sasa ni masika. Tundu la sakafuni linalovuta hewa litavuta na maji siku nitakapokutana na dimbwi pale Jangwani. Fundi ameleta bomba la plastiki lililokunjwa kiwiko, mdomo ukielekea nyuma, na wavu wa mbu ndani yake. Nimemwambia kiwiko kipande zaidi kabla ya kushuka, angalau kiganja kimoja. Anasema kitagusa kitanda. Jumamosi tutapima.